Uwakala Upi Utufae?

Kila mwaka vijana wengi wa Bukoba na Muleba humaliza kidato cha nne na cha sita. Baadhi yao huendelea na vyuo, lakini walio wengi hurudi nyumbani, na swali la kwanza wanalokutana nalo ni hili: "Sasa, mwanangu, utafanya kazi gani?" Zamani jibu lilikuwa ualimu, ukarani au kilimo cha kahawa. Siku hizi jibu lililo jepesi kuliko yote ni, "Baba, nipe mtaji nifungue uwakala." Mzee naye, kwa kuwa ampenda mwanawe, na kwa kuwa ameona vibanda vya mawakala vimejaa kila njia panda, huuza kahawa ya msimu mzima, au hukopa, na mara nyingine hufikia hata kuweka rehani sehemu ya kibanja walimozikwa wazee wake.

Kwa sababu jambo hili lagusa mali ya jamaa nzima, wala si ya kijana peke yake, nimeona yafaa tulijadili katika gazeti letu la shule. Maoni yangu ni kwamba uwakala si jambo baya, lakini si kila uwakala utufaao. Tena ule unaong'aa sana aghalabu ndio usiofaa. Mtu akitaka kuchagua vema, na ajiulize swali moja kabla ya mengine yote: Siku mwenye jina atakapoliondoa jina lake, mimi nitabaki na nini?

Jina la mwenzio

Biashara ya kutumia jina la mwingine si jambo jipya duniani. Katika miaka ya 1850 kampuni ya Singer ya Marekani, ambayo vyerehani vyake vyajulikana mpaka katika baraza za mafundi wetu, iliwapa watu haki ya kuuza mashine zake katika wilaya zao kwa malipo. Miaka mia moja baadaye mpango huo uliingia katika vyakula. Mwaka 1955 Bwana Ray Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza wa McDonald's huko Des Plaines, katika jimbo la Illinois, kwa idhini ya ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliolianzisha jina hilo California.

Mpango wenyewe ni huu. Mwenye jina hutoa jina, alama, mafunzo na utaratibu wa kazi. Mwenye mtaji hutoa ada ya kuingilia, jengo, vyombo na wafanyakazi, kisha kila mwezi humpa mwenye jina sehemu ya mauzo. Tulitazame vizuri neno hilo: sehemu ya mauzo, wala si sehemu ya faida. Hata mwezi ukiwa wa hasara, sehemu hiyo hudaiwa.

Hapa petu mpango huu huja kwa sura mbalimbali. Soda ya Coca-Cola tunayokunywa sikukuu ina jina kutoka Atlanta, Marekani, lakini hutiwa chupani Mwanza na kampuni nyingine iliyopewa idhini. Vituo vya mafuta vilivyo kando ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba na Biharamulo, na ile ya kwenda Kyaka na Mutukula, aghalabu huwa na jina la kampuni kubwa juu ya nguzo, na mtu wa hapa hapa ndiye anayehesabu lita chini yake. Lakini sura iliyoenea kupita zote ni uwakala wa fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata. Mwaka 2013 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa kuziruhusu benki nazo zitumie mawakala. Kwa hiyo leo mama wa Kamachumu hana haja ya kupanda gari mpaka mjini ili apokee fedha alizotumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Hilo ni jema kubwa, na hakuna awezaye kulikana.

Wazee wetu walijua hali inayofanana na hii kwa jina jingine. Katika Buhaya ilikuwapo desturi ya ardhi iliyoitwa nyarubanja. Mtwarwa alikaa katika kibanja cha mtwazi, akapanda migomba na mibuni, akatia samadi, akapalilia, akatoa kodi. Lakini ardhi ilikuwa ya mtwazi, na aliyemchukiza bwana wake aliweza kuondolewa akaacha migomba inazaa. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa watu wa nyarubanja. Basi mtu anayechukua jina la kampuni kwa mkataba huingia, kwa hiari yake, katika hali iliyo karibu na ile. Atia samadi jina ambalo si lake. Sisemi kwamba ni kosa. Mtwarwa aliyepata mtwazi mwema alikula ndizi akashiba. Nasema tu kwamba ajue analima shamba la nani.

Mifano ipo. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kampuni ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, lakini jambo la namna hiyo huamuliwa makao makuu, wala si kibandani. Wale ndugu McDonald nao yaliwapata makubwa zaidi. Mwaka 1961 walimwuzia Kroc haki zao za biashara hiyo kwa dola milioni 2.7, na kwa kuwa jina nalo lilikuwa limeuzwa, mgahawa wao wenyewe wa kwanza, kule San Bernardino, ulilazimika kuitwa The Big M. Ikiwa wenye kulizaa jina waliweza kulipoteza, sembuse aliyeliazima! Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, watu wa hapa wanakihitaji kitu hicho?

Baada ya kujiuliza lile swali kubwa, yako mengine madogo yanayolifuata. La kwanza ni haja ya watu. Vijana wengine, wakiisha kuona picha za migahawa ya kuku wa kukaanga ya Nairobi au Dar es Salaam, husema, "Bukoba haina. Tukiileta, tutatajirika." Lakini yafaa tuulize kwa nini haina. Mtu wa Bukoba ana ndizi shambani, ana maharage, na samaki wa ziwani. Atatoa fedha nyingi kwa kuku wa kigeni siku ya mshahara au siku ya sikukuu. Na siku nyingine ishirini na nane za mwezi je? Ada ya jina na kodi ya jengo hudaiwa siku zote hizo.

Tena liko jambo la vifaa. Mwenye jina ndiye anayeamua viazi vinunuliwe wapi, na mafuta yawe ya namna gani. Mwezi wa Januari 2022 migahawa ya KFC ya Kenya iliishiwa chipsi. Si kwamba Kenya haikuwa na viazi. Ilikuwa navyo tele. Lakini viazi vya migahawa ile vililetwa kutoka nchi za nje, navyo vilichelewa njiani, na vile vya wakulima wa Kenya vilikuwa havijapitishwa katika ukaguzi wa kampuni. Watu walikasirika, wengine wakataka migahawa ile isusiwe, na baadaye kampuni ikasema itatafuta wakulima wa humo nchini. Sasa fikiri: mtu wa Muleba afungue mgahawa wenye jina la nje, kisha akatazwe kupika ndizi za jirani yake! Faida ingetoka nje ya wilaya, na jirani asingepata hata senti. Uwakala unaofaa ni ule unaouza kitu ambacho watu wetu tayari wanakitafuta, na ikiwezekana unaonunua kitu ambacho watu wetu tayari wanacho.

Mahali na majira

Swali la pili ni mahali pamoja na majira. Hapa ndipo vijana wengi huteleza, kwa kuwa hudhani kwamba uwakala wa fedha ni mmoja kila mahali.

Katika vijiji vya Muleba, kama vile Nshamba au Izigo, fedha nyingi huingia kwa simu na kutoka kwa noti. Watoto walio mijini hutumia wazazi, na wazazi huenda kutoa. Wakala wa huko hushindwa si kwa kukosa floti katika simu, bali kwa kukosa noti mkononi. Wakati wa kahawa, kuanzia kiasi cha mwezi wa Mei, na tena Desemba wakati jamaa wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na senene, haja ya noti huzidi mara nyingi. Wakala asiye karibu na benki hufunga dirisha saa nne asubuhi, na mteja aliyefukuzwa mara mbili hatarudi mara ya tatu.

Katika visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire na Goziba, mambo ni kinyume. Wavuvi hupata noti, nao hutaka kuziingiza katika simu ili wazipeleke kwao. Huko wakala huishiwa floti huku sanduku limejaa noti, na noti hizo sharti zivuke ziwa kwa mtumbwi kabla ya kugeuka floti tena. Ni hatari ya maji na hatari ya wezi pamoja. Tena dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, na kibanda nacho hupumzika, lakini kodi ya kibanda haipumziki.

Mjini Bukoba, karibu na stendi au soko, wanaoweka na wanaotoa hukaribiana, kwa hiyo mtaji huzunguka upesi. Lakini huko mawakala ni wengi, na wote wanagawana wateja wale wale. Kwa hiyo kabla ya kupanga kibanda, kijana na akae mahali hapo siku sita au saba na daftari, ahesabu watu wanaoingia kwa mawakala waliopo, wanaotoa na wanaoweka, asubuhi na jioni, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio. Kazi hiyo haina gharama ila jua na mvua, nayo itamfundisha zaidi ya maneno ya afisa wa mauzo.

Vivyo hivyo kwa kituo cha mafuta. EWURA hutangaza bei za juu za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hapana awezaye kuuza zaidi ya hapo. Basi faida ya mwenye kituo haitoki katika kupandisha bei, bali katika wingi wa lita. Barabara yenye magari machache haigeuki kuwa yenye magari mengi kwa sababu ya jina lililo juu ya nguzo.

Hesabu kabla ya hamu

Swali la tatu ni hesabu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Natoa mfano, nao ni mfano tu, ili tuone njia ya kufikiri. Kila mtu aweke hesabu zake mwenyewe.

Tuseme kijana ana mtaji wa shilingi 3,000,000, sehemu katika simu na sehemu kwa noti. Tuseme kamisheni zake za mwezi zafika shilingi 250,000. Huonekana ni nyingi. Lakini kodi ya kibanda ni shilingi 60,000, posho ya msaidizi ni shilingi 100,000, na umeme pamoja na nauli ya kwenda benki ni shilingi 20,000. Hizo ni shilingi 180,000. Kinachobaki ni shilingi 70,000. Ikiwa mtaji ule ni wake mwenyewe, anapata shilingi 70,000 kwa mwezi, na bado hajajilipa mshahara wake. Lakini ikiwa ameukopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba peke yake ni shilingi 90,000. Kila mwezi anapungukiwa shilingi 20,000, hata kama kibanda kimejaa watu kutwa nzima na majirani wanamwita tajiri.

Tena mtaji wa wakala si mali ya kula. Ni kama jembe: ukiliuza hulimi. Wakala anayechukua shilingi 200,000 za floti ili anunue pikipiki kwa mafungu, au ili achangie harusi, amekata mguu wa biashara yake. Na tapeli mmoja akimpigia simu na kumlaghai shilingi 200,000, faida ya karibu miezi mitatu imekwisha kwa dakika moja. Matapeli hao wapo, tena huja kwa maneno matamu, wakijifanya maafisa wa kampuni au wakidai kwamba wamekosea kutuma. Sheria ya kwanza ya kibanda ni kwamba muamala huthibitishwa katika salio, wala si katika ujumbe ulioonyeshwa na mteja.

Jambo jingine la hesabu ni kwamba kipato cha wakala hutegemea maamuzi yasiyo yake. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo katika miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini kodi ya kibanda haikungojea Septemba. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayepanga maisha yake yote juu ya kamisheni peke yake.

Mkataba na siku kumi na nne

Swali la nne ni mkataba. Huko Marekani sheria humlazimisha anayeuza haki ya kutumia jina lake ampe mnunuzi maelezo yote kwa maandishi angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa: gharama zote, mashtaka yaliyowahi kumpata, na hata majina ya waliokwisha kuingia na waliokwisha kutoka. Sisi hatuna haja ya kungojea sheria ya kutufanyia hivyo. Twaweza kujiwekea sheria hiyo wenyewe. Mtu yeyote akileta karatasi na kusema, "Tia sahihi leo, kesho nafasi itakwisha," jibu liwe, "Nipe siku 14." Mwenye biashara ya kweli atangoja. Mwenye hila atakwenda kumtafuta mwingine.

Katika siku hizo kumi na nne kijana afanye mambo matatu. Kwanza, ausome mkataba pamoja na mtu ajuaye lugha uliyoandikwa, hasa mahali panaposema juu ya kuvunja mkataba: nani aweza kuuvunja, kwa taarifa ya siku ngapi, na vyombo vilivyonunuliwa vitakuwa vya nani. Pili, awatafute watu wawili ambao bado wamo katika uwakala huo, na mmoja aliyetoka. Huyu aliyetoka ndiye mwalimu mkubwa. Tatu, auulize uwakala huo kama unamfunga asiuze cha mwingine. Ubora mmoja wa uwakala wa fedha ni kwamba mtu mmoja huweza kuhudumia mitandao kadhaa pamoja na benki katika kibanda kimoja, na wengi hufanya hivyo. Mmoja ukiyumba, mingine humshika. Mkataba unaokataza hayo ni lazima uwe na faida kubwa sana ndipo ukubaliwe.

Natoa onyo pia juu ya kukodi laini ya uwakala iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Ni rahisi, na wengi hufanya, lakini kibanda kile kina mabwana wawili: kampuni na mwenye laini. Siku wakigombana, au mwenye laini akifa, floti iliyomo ni ya nani? Afadhali kungoja mwezi mmoja upate leseni ya Halmashauri, namba ya mlipa kodi na laini yako mwenyewe.

Kisichokuwa uwakala

Swali la tano ni kama kitu chenyewe ni biashara kweli. Wako watu wanaozunguka vijijini na kuwaambia vijana walipe ada wawe "mawakala," kisha kazi yao iwe kuwaingiza wengine nao walipe ada. Hakuna bidhaa inayouzwa kwa mtu asiyekuwa mwanachama, au kama ipo, bei yake ni ya ajabu. Taifa letu lilikwisha kupata funzo hilo kwa DECI, ambako watu waliitwa "kupanda mbegu" ya fedha wavune maradufu. Mpango ule ulisimamishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. Waliokuwa wamepanda mwisho hawakuvuna.

Kipimo chake ni chepesi. Uliza: Ikiwa kuanzia leo hakuna mtu mpya atakayejiunga, je, nitapata fedha kwa kuuza kitu kwa mteja wa kawaida? Jibu likiwa hapana, kimbia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno kwa wanaopinga

Najua wako watakaosema, "Ikiwa jina la kuazima lina hatari zote hizo, kwa nini mtu asianze jina lake mwenyewe tangu mwanzo?" Hoja hiyo ina nguvu, na watu wa mkoa huu wanaifahamu. Mwaka 1950 wakulima wa kahawa walianzisha chama chao kikuu cha ushirika cha Bukoba ili wauze kahawa kwa jina lao, wasiwe daima chini ya wanunuzi wengine. Kiwanda cha TANICA mjini Bukoba huonyesha kwamba kahawa yetu yaweza kusagwa na kutiwa katika kopo hapa hapa, ikabeba jina la hapa.

Lakini hoja hiyo haimsaidii sana kijana wa miaka 19 asiyejulikana na mtu. Jina kubwa humpa jambo ambalo hana, yaani imani ya watu. Mama mmoja atamkabidhi fedha zake kwa sababu ya ubao ulio mlangoni, wala si kwa sababu ya uso wake. Tena humfunza utaratibu: kufungua saa ile ile kila siku, kuandika kila muamala, kufunga hesabu jioni, kusema kwa adabu na mteja mkali. Hayo ni mafunzo ambayo wengine hulipa ada kuyapata.

Kwa hiyo sisemi kijana aukatae uwakala. Nasema autumie kama mtwarwa mwenye akili ambaye, huku akilima kibanja cha bwana, alijiwekea akiba ya kununua chake. Namna yake ni hii. Aanze na duka dogo lililo lake, la vifaa vya shule, au pembejeo za kilimo, au vyakula, kwa kadiri ya haja ya mahali. Aandikishe jina lake BRELA, na jina hilo liandikwe juu kabisa ya mlango. Uwakala wa fedha uwe dirisha moja ndani ya duka hilo, lenye daftari lake na sanduku lake, fedha zake zisichanganywe na za duka. Anayekuja kutoa fedha atanunua daftari la mtoto. Anayekuja kununua sabuni atakumbuka kuweka akiba. Kodi ya nyumba moja italipwa na kazi mbili. Na siku kampuni itakapobadili jina, au kupunguza kamisheni, au kuvunja mkataba, dirisha moja litafungwa lakini mlango utabaki wazi. Hapo ndipo lile swali letu la kwanza linapopata jibu: nitabaki na duka, na wateja wanaolijua, na elimu ya hesabu.

Juu ya mtaji, natoa shauri moja la mwisho. Halmashauri zetu hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana waungane katika kikundi, waandikishwe, na waombe huko kabla ya kubisha mlango wa mwenye riba. Kuomba kwachukua muda, na fomu ni nyingi, lakini tukirudi katika ule mfano wetu, shilingi 90,000 za riba ya kila mwezi ndizo zilizogeuza faida kuwa hasara.

Lakini kibanja kisiwekwe rehani kwa ajili ya jina la mtu mwingine, hata liwe kubwa namna gani. Duka likianguka, kijana aweza kuanza tena akiwa na miaka 25 au 30. Kibanja kikienda, mama hana migomba, wadogo hawana pa kukaa, na makaburi ya wazee yamo mikononi mwa mgeni. Mzee anayemkatalia mwanawe rehani hiyo asidhaniwe kuwa amepitwa na wakati.

Haya ndiyo maoni yangu. Wanafunzi wenzangu, na wazazi mtakaosoma gazeti hili likifika nyumbani, kama mnayo maoni mengine, hasa ninyi ambao mmekwisha kuendesha uwakala mkaona tamu yake na chungu yake, tafadhali mwandikieni Mhariri, ili muhula ujao tupate kusoma na upande wenu.